Tawi la Mtani

Mwezi uliopita nilitolewa nje ya ukumbi wa msiba huko Upper Marlboro nikiwa nimeshika viatu vya marehemu. Sikuviiba. Vilikuwa vimepangwa mezani kando ya picha yake, pamoja na kofia na tasbihi, nami nikavinyanyua mbele ya watu wote nikatangaza kwamba Mzaramo huyu hakuwahi kuvipiga kiwi tangu avinunue, kwa hiyo navichukua mimi, yeye aende zake peku kama alivyozaliwa. Binti yake mkubwa, aliyezaliwa hukuhuku ughaibuni na anayekielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimelewa. Vijana wawili wenye suti wakanishika viwiko, kwa adabu kabisa, wakanisindikiza mpaka mlangoni. Nyuma yangu nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Masikini, uchungu umempanda kichwani." Aa, wapi! Nilikuwa kazini. Marehemu Mwinshehe alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako akifa, wafiwa hulia, wewe unakwenda kumtukana maiti, kumwigiza, kudai vitu vyake, mpaka waliokaa mkekani wacheke bila kutaka. Ndiyo kazi yenyewe, na hakuna mwingine wa kuifanya. Nilikaa ndani ya gari pale nje, nikajaribu kutunga maneno ya kumweleza yule binti, nikaona hayatoshi. Ingebidi nimsimulie mwaka mzima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma chuo kule Annandale, siku nyingine nauguza wazee majumbani mwao, na nimepanga chumba cha chini ya ardhi chenye dirisha dogo lililotazama magurudumu ya magari. Januari simu ililia nikiwa naosha sufuria. Nikaambiwa mama amefariki na wanazika kesho yake. Viza yangu ilikuwa imekwisha na karatasi mpya zilikuwa hazijatoka, ningeondoka nisingerudi. Sikwenda. Ya nyumbani naishia hapo, sitaki kuyachimba. Nilichotaka kusema ni kwamba niliweka simu chini nikamalizia kuosha ile sufuria, nikaisuuza, nikaipangusa, nikaitundika. Watu walikuja, Mungu awabariki, wakakaa kitandani kwangu kwa kukosa viti, wakaleta pilau na maandazi ndani ya mabeseni yaliyofunikwa kwa foili. Pole. Pole sana. Pole mpenzi. Nikawa najibu nimeshapoa, na kweli nilikuwa nimepoa, nimepoa kama chai iliyosahauliwa. Nilikula, nilikwenda darasani, nilimgeuza bibi mmoja ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Mwili ulifanya kila kitu kama kawaida, ila mimi mwenyewe sikuwemo. Sikutoa hata chozi moja, na ikafika mahali nikaacha kulingojea.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakifanya kwa moyo, au tuseme kwa mkono, maana moyo sijui ulikuwa wapi. Jumapili mchana nilikuwa napanda mabasi mawili na treni mpaka Rockville, nyumbani kwa Njoroge, kucheza. Wenzangu wa kanisani walidhani ni karata. Mchezo wenyewe ni wa kukaa mezani na karatasi na dadu za pande nyingi. Kila mtu ana mhusika wake katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na majini, na mmoja wenu ndiye anayesimulia kinachotokea na kuwachezea maadui. Sisi tulimwita refa. Refa wetu alikuwa Njoroge, Mkikuyu wa Nyeri, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Rockville Pike, mtu anayekunja hata mifuko ya dukani kwa rula. Alikaa nyuma ya kipande cha kadibodi na kurusha dadu zake hukohuko nyuma, sisi tusizione. Mchezaji mwenzangu alikuwa Héritier kutoka Bukavu, aliyekuwa anasomea maabara, mpole, mwenye mhusika mpiganaji aliyebeba mashoka mawili na kuomba radhi kabla ya kuua. Mtu wa nne hakucheza. Alikuwa akipanga chumba cha nyuma hapo kwa Njoroge, mpishi wa makao ya wazee, na Jumapili ilikuwa siku yake ya kupika kwa raha zake. Huyo ndiye Mwinshehe. Kwa miezi nilimjua kama mgongo tu, mgongo mpana wenye fulana nyeupe, na sauti ya mafuta yakichemka.

Katika mchezo huo kila mhusika ana fani yake: mpiganaji, mchawi, mwizi, mwimbaji. Na kila fani ina matawi, ambayo humwongezea mhusika uwezo anapopanda daraja. Matawi yameandikwa kitabuni, lakini ukitaka unaweza kutunga la kwako, ilimradi refa alikubali. Hapo ndipo shughuli inapokuja, maana kila anayetunga hutunga la kumpendelea yeye. Njoroge hakutaka mchezo. Alikuwa na mapambano manne ya kupimia. Tawi jipya na tawi la kitabuni yote yanapitishwa mlemle, na yeye anaandika nani kaanguka, baada ya raundi ngapi, kabakiwa na nguvu kiasi gani. Likizidi, anakata. Likipungua, anaongeza. Mwezi wa pili baada ya ile simu nilimpelekea karatasi yangu ya kwanza. Chini ya fani ya mwimbaji nilikuwa nimeandika: Tawi la Mtani.

Sijui lilitoka wapi. Najua tu kwamba siku wanamzika mama nilikuwa nimekaa kwenye basi, natazama saa, najumlisha masaa nane, nawaza saa hizi Wazaramo wa pale mjini kwetu wameshafika, wameshajifunga kanga za mama viunoni, wameshaanza kumwigiza. Kumbe ndicho nilichokikosa, kuliko hata kaburi. Basi nikakiandika. Daraja la tatu, Kejeli: Mtani akimtukana adui, adui huyo hawezi kumpiga mpaka raundi ifuatayo. Daraja la sita, Haki: Mtani anaweza kuchukua kitu chochote mkononi mwa mtu yeyote bila kuzuiwa. Daraja la kumi, Kilio: mwenzake akianguka vitani, Mtani anamwendea, anamwigiza alivyotembea na alivyosema, na aliyeanguka anaamka na nusu ya nguvu zake. Njoroge alisoma akikuna kidevu. "Mtani si ni ile timu mnachukiana nayo kwa ball?" akauliza. "Watani wa jadi, hivyo?" Na kabla sijamjibu alikwishanipa shoka na nyongeza ya mapigo, kwa kuwa kwa akili yake mtani ni adui wa kudumu. Héritier akasema, "Mi nilizani mutani ni ule muntu wa kucheka-cheka tu." Nikalirudisha shoka. Nikawaeleza nusu nusu. Habari ya msiba sikuitaja, nilisema ni mila fulani ya kwetu.

Nataka nieleweke hapa. Nilitaka tawi lile lipite kwa haki. Mazishi yalinipita, karatasi za uhamiaji zilikuwa mikononi mwa watu nisiowajua, na kila aliyenikaribia alinishika kama yai. Hiki kimoja nilikitengeneza mwenyewe, na nilitaka mtu mmoja duniani akitazame kwa jicho kali aniambie kimekaa sawa au hakijakaa. Kwa hiyo nilipima kama mtu anayelipwa. Karatasi ya pili, Kejeli ikashuka kutoka mara tano kwa siku hadi tatu. Karatasi ya tatu, Kilio ikawa mara moja tu kwa siku. Ya nne, Haki isiguse silaha. Nilipunguza kwenye treni, nilipunguza kwenye kiti cha yule bibi akiwa amesinzia, na kila Jumapili nilishinda. Zimwi la darajani lilinikosa. Jini la kisimani lilinikosa. Nilikata tena, karatasi ya sita, karatasi ya saba, mpaka Mtani wangu akabaki hana hata meno ya kutukania, na bado akatoka kwenye mapambano yote manne amesimama. Njoroge alikuwa akiandika tarakimu zake na kusema, "Iko sawa, iko sawa, tunakaribia." Nikaanza kufikiri labda mimi nina akili sana. Ujinga una raha zake.

Jumapili moja ya mwezi wa sita nilikwenda chooni, na choo cha nyumba ile kilipakana na sebule kwa ukuta mwembamba kama kadi. Nilikuwa nanawa mikono. Nikamsikia Héritier akiuliza kwa sauti ya chini, "Ule jini alikuwa na nguvu makumi mbili ingine. Uliziweka wapi?" Njoroge akajibu, "Nilizitoa." Héritier akaendelea: "Na dadu yako? Ile ya mwisho?" "Ilikuwa imempata. Nikasema imemkosa. Sasa ulitaka nifanye nini, msee? Dem amefiwa na mamake, hakwenda hata kuzika. Unataka nimuue tena hapa kwa meza yangu?" Héritier akasema, "Mais, lakini si njo yeye alikuomba umupime?" Nilifunga bomba. Nilijitazama kwenye kioo, na wallahi sikuhisi kitu, si hasira, si aibu. Nilifikiri tu: kwa hiyo miezi minne hakijapimwa chochote. Nikarudi mezani, nikakaa, nikachukua dadu, nikashinda.

Jumapili iliyofuata nilifika nimeamua kuichukua karatasi yangu niondoke. Njoroge na Héritier walikuwa wametoka kutafuta limau, kwa amri ya Mwinshehe, aliyekuwa anakaanga samaki. Karatasi ilikuwa mezani. Nilipoinyakua, ule mgongo ukageuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mbele yake kuna uso, wenye mwanya na macho ya ukorofi.

"Wewe dada," akasema, "hivi wewe mtu wa wapi kule?"

"Tabora."

"Tabora kubwa. Kabila?"

"Mnyamwezi."

Akazima jiko. Nakumbuka vizuri, alizima jiko kwanza ndipo akashika kiuno. "Mnyamwezi! Miezi yote hii mpagazi wangu anaingia nyumbani kwangu, anakula samaki zangu, ananisalimia shikamoo kaka kama mtu mwenye adabu, kumbe Mnyamwezi! Mizigo yako umeiacha wapi? Nani kakuruhusu kutembea kichwa kitupu?"

Nilijua jibu. Kila Mnyamwezi analijua: unamwambia Mzaramo kazi yake ngoma na madafu, kwamba shamba kauza na kaburi la babu yake ndani. Halikutoka. Akanisogelea, akanipokonya karatasi kwa vidole vya mafuta, akaisoma yote amesimama, midomo ikicheza. Nikategemea aseme nzuri. Watu wote mwaka ule waliniambia nzuri.

"Umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Kote. Huyu mtani wako anatukana watu. Haya, yeye anatukanwa na nani? Anachukua vitu vya watu. Vya kwake vinachukuliwa na nani? Mnavimba vichwa hapo kila Jumapili na mahesabu, mara punguza tatu, mara punguza moja, nawasikia. Utani haupunguzwi, unarudishwa! Ukinitukana nakutukana. Huyu wa kwako hana mtani, sasa huyo si mtani, huyo ni mtukanaji wa stendi." Akageuza karatasi upande wa pili. "Na hii Kilio. Hii nani anamfanyia nani?"

"Mtani anamfanyia mwenzake."

"Mwenzake nani? Ndugu yake?"

"Yeyote wa kundi lake."

"Mwe! Mtu anamtania maiti wa kwao?" Akaweka karatasi mezani, akanitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Njoroge kaniambia habari ya mama yako. Sikukupa pole, maana sikujua wewe ni mtu wangu. Sasa sikupi. Wewe ni mfiwa, dada. Mfiwa kazi yake kulia. Kutania si kazi yako, ni kazi yangu. Umejiandikia kazi ya watu wengine humu ndani, ndiyo maana haikai."

Wenzetu walirudi na limau, wakamkuta Mwinshehe amekaa kwenye kiti changu na penseli. Alisema yeye leo anacheza. Alisema tawi limepata kanuni mpya, na akamwamuru Njoroge aandike: asubuhi, kabla ya lolote, Mtani lazima amtaje mtani wake kati ya waliopo mezani, na uwezo wote alio nao juu ya wengine, huyo anao juu yake. Na Kilio hafanyiwi mtu na wa kwake, hufanywa na mtani wake tu. Njoroge aliiandika, akainua macho, nikaona ameielewa kabla hata ya kuipima. "Hii inabalansi," akasema polepole. "Manze, hii inabalansi kabisa." Nikamwambia, "Na ukirusha dadu, rusha huku mbele." Akawa mwekundu masikioni kadiri Mkikuyu anavyoweza kuwa mwekundu. Hakuuliza nimejuaje. Aliikunja ile kadibodi, akaiweka chini ya kiti.

Tukacheza pambano la jini la kisimani. Nikamtaja Mwinshehe kuwa mtani wangu. Kosa! Nilipomkejeli jini, Mwinshehe alinikejeli mimi, zamu yangu ikapotea. Nilipotaka kutumia ngao, Mwinshehe akasema anaitaka, na kanuni inamruhusu. Wakati huohuo alinyoosha mkono akachukua na samaki wangu, yule halisi, kwenye sahani yangu, akamla mpaka kichwa. Raundi ya tatu Njoroge alirusha dadu katikati ya meza. Ikazunguka ikasimama, sote tukaona. Njoroge akaisoma. "Imekupata," akasema. "Umekufa."

"Haya, mtani wake nipo," akasema Mwinshehe, akainuka akipangusa mikono kwenye fulana. "Kanuni inasema nimwigize. Anatembeaje huyu mhusika wako?"

Nikasema sijui, sijawahi kumfikiria anavyotembea.

"Basi nitatumia mama yako."

Njoroge akasimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Wee! Heshimu wafu!" Héritier akasema, "Kaka, apana, apana." Mwinshehe hakuwasikiliza. Alichukua mfuko wa viazi akauweka kichwani, akafunga taulo la jikoni kiunoni, akaanza kupita sebuleni matako yakipepesuka huku na huku, akipiga kelele kwa sauti nyembamba: "Nipisheni! Nipisheni mama wa Kinyamwezi nipite na michembe yangu ya viazi vikavu! Nimekufa kwa kuvimbiwa, malaika wananiambia tua mzigo, mimi nakataa, nitauzia wapi michembe mbinguni? Na wewe mwanangu uko Ulaya unacheza na majini, hata kuja kunizika umeshindwa, mvivu kama Mzaramo!" Alisema hivyo. Kwa kinywa chake. Neno ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka tangu Januari, kwamba sikwenda, yeye alilibeba kichwani pamoja na viazi akapita nalo mbele yangu. Akafika ukutani, akageuka, akapita tena, hovyo kabisa, kama bata.

"Sivyo," nikasema.

Akasimama. "Sivyo nini?"

"Hakuwa anatembea hivyo."

"Mimi nimemwona bwana, ndivyo alivyokuwa anatembea. Bata mtupu."

"Muongo wewe! Humjui!" Nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi. "Alikuwa anatembea haraka. Mguu wa kulia ulikuwa unamuuma, kwa hiyo alikuwa anautanguliza hivi, halafu anaukokota huu. Na hakuwa anabeba kitu kichwani, alikuwa anaweka mkono mgongoni, hivi. Na haongei akitembea. Akitembea anahema tu." Nikawa napita kwenye zulia la Njoroge, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, mkono mgongoni, nahema. Nilifika dirishani, nikageuka ili wamwone vizuri, na hapo nikamwona mimi.

Nilikaa chini palepale. Kilichonitoka hakikuwa kilio cha kistaarabu. Njoroge alinisogelea na kitambaa, Mwinshehe akamzuia kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa mtu haachi tabia yake, Njoroge akauliza kwa sauti ya chini sana, penseli mkononi, "Sasa hii... niandike imefanya kazi?"

"Andika," Mwinshehe akasema, na ule mfuko wa viazi bado uko kichwani. "Lakini mwache kwanza."

Wakakaa wote watatu kwenye zulia, wakiniangalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.